Mkanda Bado Mzima, Minervali Inakaribia

*"Tuna Corolla ya 1998, tuliinunua miaka sita iliyopita ikitokea Japani kupitia Dar. Fundi wa Buyenzi ananiambia nibadilishe mkanda wa taiming kabla haujakatika. Shemeji yangu anaendesha Probox, anasema fundi ananitafutia hela tu, maana yeye hajabadilisha tangu anunue na gari linakimbia. Mume wangu amemsikiliza ndugu yake. Agosti tuna harusi Gitega na tunataka kwenda na gari hilohilo, halafu Septemba nalipa minervali ya watoto wawili. Nikitoa pesa nitachekwa nyumbani. Nisipotoa, mkanda ukikatika nitalaumiwa mimi. Nifanyeje?"* Mama Watoto, Kinama.

Mama Watoto, shemeji yako hadanganyi, na fundi naye hadanganyi. Probox nyingi zinazozunguka hapa mjini zina injini ya 1NZ-FE, ambayo taiming yake huendeshwa na mnyororo wa chuma. Mnyororo huo, ukibadilishiwa oili kwa wakati, unaweza kwenda umri wote wa injini. Shemeji hajabadilisha mkanda kwa sababu gari lake halina mkanda wa kubadilisha. Corolla yako ni ya kizazi kilichokuwa bado kinatumia mpira, na mpira huzeeka. Mweleze mbele ya mume wako, kwa upole, na kesi hiyo iishe.

Sasa kuna jambo hukuliandika, nalo ndilo la kuamua: gari lako linakunywa esansi au mazutu? Fungua boneti, tafuta kibati cha Toyota, usome palipoandikwa aina ya injini. Ukikuta 5A-FE au 4A-FE, ni ya esansi, na kwa jinsi ilivyoundwa mkanda ukikatika pistoni hazigongi vali. Gari litazima hapohapo, litavutwa hadi gereji, litavikwa mkanda mpya na kuondoka. Ukikuta 2C au 3C-E, hiyo ni ya mazutu, na haina huruma. Pistoni zitagonga vali, vali zitapinda, silinda hedi itafunguliwa, na utalipa minervali ya miaka kadhaa kwa siku moja. Ikiwa ndiyo hiyo, liegeshe leo. Usiende nalo hata sokoni mpaka mkanda ubadilishwe.

Kuhusu umri wa mkanda, Toyota hutaja kilometa 100,000 kwa injini za aina hii. Ila usiiamini sana namba ya dashibodi, kwa sababu gari la mtumba linaweza kurudishwa nyuma kilometa zake kabla hujaliona. Hata taa ya T-BELT iliyomo kwenye gari nyingi za Toyota za mazutu huhesabu kilometa tu. Haiuoni mkanda wenyewe, na fundi anaweza kuizima bila kuugusa mkanda. Ushahidi mzuri zaidi ni karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani ambayo gereji za kule hubandika ndani ya boneti baada ya kubadilisha mkanda. Ina kilometa na tarehe. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa hesabu yao ya Heisei: ukiona 20, jumlisha 1988, unapata 2008.

Usipoikuta karatasi hiyo, hesabu mkanda kuwa ni wa zamani. Na usijifariji kwamba uhaba wa mafuta umelilaza gari lako wiki nzima nzima. Joto na miaka hukausha mpira hata gari likiwa limelala, ndiyo maana mafundi wengi hawapendi mkanda upite miaka 7 hata kama kilometa ni chache. Zile saa za kusogea polepole kwenye foleni ya kituo cha mafuta, injini ikinguruma, nazo zinaula mkanda bila dashibodi kuandika kitu.

Fundi akufungulie mfuniko wa juu wa plastiki mwangalie pamoja. Nyufa, meno yaliyokatika, kingo zilizochanika au unyevu wa oili, ukiona kimojawapo usibishane tena. Ukiuona msafi, bado si hati ya uzima, kwa sababu nyuzi za ndani hazionekani.

Kwenye pesa, nunua mkanda wewe mwenyewe, mpya, ndani ya boksi lake. Usikubali uliotolewa kwenye injini iliyokufa, hata ukiambiwa umetumika kidogo; siwaelewi wanaouza kitu hicho. Beringi ya kukaza mkanda izungushwe kwa mkono: ikikoroma, ibadilishwe. Oili sili za mbele ni za bei ndogo, weka mpya, kwa kuwa oili ikivuja itaumaliza mkanda mpya pia. Lakini kwenye 5A-FE na 4A-FE pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa nje. Ikiwa haivuji wala haipigi kelele, na bajeti ni ndogo, kataa kuuziwa nyingine. Kisha usimame pale hadi fundi aizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zikutane tena, ndipo apige stata.

Kwa hiyo, ikiwa ni ya esansi na mkanda hauna dalili mbaya, lipa minervali kwanza. Anza kuweka akiba Oktoba, gari liwe gereji kabla ya Noeli. Hadi wakati huo liishie Kinama, Kamenge na mjini, mahali ambapo likizima utaita vijana wakusukumie pembeni. Barabara ya Bugarama, ya kupandia Gitega, ni kitu kingine. Injini ikizima kwenye kona zile, usukani unakuwa mzito, breki inabaki na mikanyago michache yenye nguvu, na malori yanakuja nyuma yako. Harusi ya Gitega mwende kwa basi.