Methali za Urafiki

Watu wa kila nchi wameona ya kuwa wanaofanana hupenda kukaa pamoja, na kila lugha ina maneno yake ya kulisema jambo hili. Waswahili husema, "Ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja." Tena husema ya kuwa marafiki wawili ni kama chanda na pete. Chanda ni kidole. Na pete mahali pake ni kidoleni.

Nchi ya Korea iko mbali sana, upande wa mashariki ya Asia, lakini watu wake nao wana methali za namna hii. Husema, "Kamba wa mtoni yu upande wa kaa." Kamba na kaa wote wawili wana gamba gumu na magando. Basi methali hii humsema mtu amteteaye mwenzake kwa sababu tu wanafanana, bila kuuliza nani mwenye haki. Tena rafiki wa tangu utoto humwita "rafiki wa farasi wa mwanzi," kwa kuwa watoto wa zamani walipanda fimbo za mianzi wakizifanya farasi, na waliocheza hivyo pamoja hawasahauliani.

Methali yao ya tatu ni hii: "Kumfuata rafiki mpaka Gangnam." Maana ya Gangnam ni kusini ya mto. Maneno haya husemwa juu ya mtu asiyekuwa na haja ya safari, ila ameondoka kwa sababu mwenzake ameondoka.

Methali hii yafaa kufikiriwa sana katika Shinyanga na Geita, kwa kuwa nchi hii ina mali chini ya ardhi. Mwaka 1940 John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua almasi huko Mwadui, karibu na Shinyanga. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930, na mwaka 2000 mgodi mkubwa ukafunguliwa huko. Mbali na migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, wanaoshuka mashimoni na kupasua mwamba kwa nyundo.

Huenda mtoto mmoja akaacha shule na kwenda machimboni, kisha akarudi kijijini na viatu vipya. Mwenzake huviona viatu, lakini hasikii habari za shimo. Kesho naye huondoka. Hakuitwa na dhahabu. Ameitwa na rafiki. Lakini sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza mtu asiyetimiza miaka 18 kuajiriwa mgodini. Nayo ina sababu, kwa maana mashimo huporomoka, na vumbi la mwamba huharibu mapafu.

Huko machimboni kiko kitu kiitwacho zebaki. Mwamba ukiisha kusagwa na kuoshwa, mchimbaji hutia zebaki katika mchanga. Zebaki huuacha mchanga na kushikamana na dhahabu. Mtu akitazama hudhani hakuna marafiki kama hawa wawili. Lakini zikitiwa motoni, zebaki hugeuka mvuke na kukimbia, na dhahabu hubaki peke yake. Tena mvuke ule ni sumu. Hudhuru mapafu, figo na mishipa ya fahamu.

Basi kushikamana siko urafiki. Wako watu wanaomganda mwenye mali, na siku ya moto hawaonekani, wakamwachia madhara tu. Ndiyo sababu wazee walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Methali ya ndege yaeleza jinsi watu wanavyokutana, hii yaeleza jinsi rafiki anavyojulikana.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, mkoani Shinyanga, ardhi iliporomoka ikawafungia wachimbaji chini. Watano waliokolewa hai baada ya siku 41. Mwenzao mmoja alifia humo. Walikula wadudu na mizizi, wakanywa maji yaliyodondoka. Gizani mle hapakuwa na mali ya kumfanya mtu amfuate mwenzake. Palikuwa na dhiki tu.

Lakini dhiki haipatikani shimoni peke yake. Mtoto akijua ya kuwa mwenzake ataka kuacha shule, naye akamwambia kweli, na kumpasha habari mzazi au mwalimu, huenda akachukiwa siku ile. Anayenyamaza hupendwa, na anayemfuata hupendwa zaidi. Hata hivyo, kati ya hao watatu, rafiki ni yule wa kwanza.

Maswali

1. Kamba na kaa wafanana kwa nini? Je, ni haki kumtetea mtu kwa kufanana tu?
2. Eleza zebaki hufanya nini katika mchanga, na hufanya nini motoni.
3. Waulize wazee wa nyumbani methali moja ya urafiki katika lugha yao, kisha uandike maana yake kwa Kiswahili.