Mwanangu Anafunzwa Vita vya Nyuklia, Nifanyeje?

Mama wa Ruring'u,

Barua yako nimeisoma taratibu. Kijana wako, kadeti wa chuo cha kijeshi cha Lanet, alikuja likizo akakuonyesha picha kwenye simu: amevaa kinyago na suti nzito, akasema wanafunzwa kuongoza askari mahali palipopigwa bomu la nyuklia. Tangu hapo usingizi umekupaa. Unahofia mionzi itamnyima watoto, na unataka aache jeshi arudi kwenye kahawa.

Hofu yako ina historia, Mama. Mwaka 1954 huko Totskoye, Urusi, jeshi la Kisovieti lililipua bomu halisi, kisha likawapitisha askari wake eneo hilohilo kwa mazoezi. Marekani ilifanya vivyo hivyo jangwani Nevada, na mwaka 1990 ikalazimika kutunga sheria ya kuwafidia waliougua. Lakini Kenya haina bomu hilo, nayo imejifunga kwa Mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia Afrika tangu 2009. Hakuna mlipuko unaomngoja Lanet.

Anachofunzwa ni kujikinga. Wewe ukitoka kupulizia kahawa dawa, huingii jikoni na nguo zilezile. Naye anafunzwa kuvua suti polepole, upande wa nje ukikunjiwa ndani, vumbi lenye mionzi lisimguse ngozi wala kumwingia kinywani. Kinyago huzuia vumbi. Mionzi ya gama hakiizuii. Ndiyo maana ofisa hujifunza kusoma kipimo na kuhesabu saa. Mionzi ya vumbi la bomu ikiwa 100 saa moja baada ya mlipuko, saa ya saba hubaki kama 10, na baada ya siku mbili hivi hubaki 1. Ofisa anayeijua hesabu hiyo huwazuia watu wake wasiingie mapema wakaangamia. Mazoezini, kinachomsumbua zaidi kijana huenda ni joto la ile suti.

Sasa nikuchokoze kidogo. Umeniandikia mimi kurasa tatu, na mwanao hujamuuliza swali hata moja! Alikuonyesha ile picha kwa kujivunia, au alitaka umtulize moyo? Hilo halijibiwi gazetini. Mpigie Jumapili. Muulize wanatumia vifaa gani, kama huvalishwa kipimo cha mionzi, na kama yeye mwenyewe anaogopa. Msikilize mpaka amalize, Mama. Habari ya kahawa usiitaje siku hiyo.