RUTUBA HAIPIMWI KWA MACHO
Mafunzo ya Usambara na Kongwa

Mtu atazamapo msitu wa mvua wenye miti mirefu na kijani cha mwaka mzima, hukata shauri kwamba udongo wake una rutuba nyingi. Wazo hilo laonekana kuwa la busara, lakini aghalabu si kweli, na mipango ya uchumi iliyojengwa juu yake imeleta hasara. Tuchunguze mifano miwili ya Tanzania.

Msitu wa mvua
Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, hupata mvua ipatayo milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa muda mrefu mno mvua hiyo imeyayeyusha madini ya udongo na kuyachukua, ikauacha udongo na asidi nyingi. Basi miti huishi kwa nini? Huishi kwa mzunguko. Majani yaangukapo, bakteria na kuvu huyaozesha upesi kwa sababu ya joto na unyevu. Nayo mizizi iliyotandaa karibu na uso wa ardhi huyafyonza madini kabla mvua haijayachukua. Hivyo akiba kubwa ya chakula cha mimea imo ndani ya miti yenyewe. Aondoaye miti ameondoa ghala.

Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka msitu huo wakapanda kahawa. Mwanzoni mibuni ilistawi kwa mabaki ya msitu. Baada ya miaka michache mavuno yalipungua, na mashamba mengi yakaachwa au kupandwa mazao mengine.

Savana
Huko Kongwa, mkoani Dodoma, kosa lilikuwa lile lile la kuhukumu ardhi kabla ya kuipima. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulitumia wiki 9 tu kukagua nchi, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kilimo kikubwa cha karanga. Kazi ilianza mwaka 1947.

Ua la karanga likisha kuchavushwa, kikonyo chake huinama na kupenya ardhini, na huko ganda hukua. Zao hili lataka udongo tifutifu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi: kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali. Mvua nazo hazitabiriki. Wagogo, wenyeji wa huko, walitegemea mtama, uwele na mifugo, yaani mambo yavumiliayo ukame. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na Uingereza ilikuwa imepoteza paundi milioni 36 hivi.

Tufanyeje?
Maana ya mifano hii si kwamba ardhi isitumiwe. Taifa lahitaji chakula, mbao na fedha. Lakini msitu wa Usambara hutunza pia chemchemi za mto Zigi, unaoupatia mji wa Tanga maji. Faida ya mbao haina budi kupimwa pamoja na hasara ya maji. Mwaka 1997 sehemu ya msitu huo ilitengwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Zoezi
Chukua udongo wa chini ya mti na wa uwanja wazi, kwa kina kimoja. Tia kila mmoja katika chupa ya maji, tikisa, uache siku moja. Linganisha tabaka za mchanga na mfinyanzi, na mboji ieleayo juu. Je, ungepanda nini katika kila udongo, na kwa nini?