SOMO LA AFYA YA VIJANA: Kijana Anapomwambia Mtu Mzima Siri Yake



Somo la toleo hili ni la wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii. Linahusu kijana anayebalehe na kugundua kwamba moyo wake unavutwa na wenzake wa jinsia yake. Tunajua kuna watakaotaka kufungua ukurasa mwingine. Tafadhali vumilieni hadi mwisho, hata kama dini au mila zenu haziafiki jambo hili. Hatuwaombi mbadilishe imani. Tunaomba mjue la kufanya mtoto akija mlangoni.

Mfano wetu ni wa Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda. Tangu mwaka 2014 vijana wa Uganda waliokimbia kwa sababu hii wamekuwa wakivukia Busia na Malaba kuingia Kenya, na baadhi yao wakaletwa hapa Kakuma. Ni majirani zetu, na ni vizuri kujua walikotoka.

Mji wa mpakani

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mtu hulala Kenya na kununua ndizi Uganda. Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi ambazo waendesha baiskeli walibeba watu kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Tororo, penye lile jabali kubwa na kiwanda cha saruji, si mbali na Malaba. Miji hii ina wageni wengi, hasa madereva wa malori, lakini wenyeji wote wanajuana. Mtoto akionekana ameketi mahali asipozoea kuketi, mama yake amepata habari kabla ya jioni.

Kwa desturi ya Waluhya, Wasamia wakiwemo, na ya Wajaluo pia, mvulana akikua huhamia kibanda chake, yaani simba. Humo hulala na ndugu na marafiki, na usiku huzungumza habari za wasichana. Mjini, kwenye nyumba za kupanga, simba imekuwa chumba kimoja cha mabati ambamo hulala vijana watatu au wanne. Majirani zao Wagisu na Wabukusu hutahiri vijana kwa sherehe kubwa, na baada ya hapo swali la kuoa haliko mbali. Kijana ambaye mazungumzo hayo hayamgusi hujifunza kucheka pamoja na wenzake.

Mwili na hisia

Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14. Pamoja na mabadiliko ya mwili huja kuvutiwa na watu. Wengi huvutiwa na jinsia nyingine, wachache huvutiwa na jinsia yao, na wengine na zote mbili. Wataalamu hawajapata sababu moja ya jambo hili. Si ugonjwa wa kuambukizwa, na halitokani na kulala chumba kimoja au kusoma shule ya bweni. Tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani liliamua kuliondoa kwenye orodha yake ya magonjwa. Kwa hiyo kliniki haina dawa yake, na anayekuuzia dawa anakula pesa zako.

Mfano

Huu ni mfano wa kufundishia, si habari ya mtu fulani. Kijana ana miaka 16. Anaishi Busia upande wa Uganda, anasoma sekondari ya kutwa, na Jumamosi hubeba mizigo kwa baiskeli. Anampenda mwanafunzi mwenzake. Hakijatokea kitu kati yao. Ameandika tu kwenye daftari. Binamu yake analisoma daftari lile na maneno yanaenea. Kijana anaacha mpira, hali vizuri, anasinzia darasani. Jioni moja anakwenda kwa shangazi yake, anayeuza dagaa sokoni.

"Shangazi, nikikuambia jambo utanifukuza?"

Shangazi anafunga mlango na kumsikiliza mpaka amalize. Kisha anauliza: "Kuna mtu mzima aliyekugusa au kukulazimisha?" Anasema hapana. "Nani mwingine anajua?" Anamtaja binamu. "Na wewe, umewahi kufikiri kujidhuru?" Kijana ananyamaza.

Shangazi anasema: "Mwanangu, hilo uliloniambia silielewi vizuri. Lakini chakula kipo, na leo utalala hapa."

Angalieni mpangilio wa maswali yake. La kwanza ni muhimu kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. Mtu mzima akimwingilia mtoto, awe mvulana au msichana, huo ni unyanyasaji, na huripotiwa. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makosa ya ngono, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Aliyefanyiwa hivyo afikishwe kliniki upesi: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Hisia za kijana mwenyewe ni jambo jingine.

Swali la tatu wengi huliogopa, wakidhani litampa mtoto wazo. Sivyo. Kuuliza humpa nafasi ya kusema. Akinyamaza kama huyu, asiachwe peke yake usiku huo, na vitu kama dawa ya panya au ya kunyunyizia mimea viondolewe karibu naye.

Shangazi hakumwambia baba usiku ule, wala hakuita majirani kwa maombi. Wapo wanaoshauri kijana aozwe haraka. Hapo mtakuwa na vijana wawili wenye shida badala ya mmoja.

Sheria ya pande mbili

Wenzake humwambia: vuka tu. Hatua mia moja hazimwondoi hatarini. Kenya ina vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu, na adhabu hufika miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Uganda, sheria ya mwaka 2014 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, lakini nyingine ikatiwa saini Mei 2023, yenye kifungo cha maisha na, kwa makosa fulani, kifo. Sheria hizi huadhibu vitendo. Kuwa na hisia si kosa. Sheria ya 2023 pia iliwalazimu watu kuripoti. Kifungu hicho kilifutwa na mahakama tarehe 3 Aprili 2024, ingawa sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Walimu na wauguzi wengi hawajaisikia habari hiyo, wakadhani bado wanalazimika kumpeleka mtoto polisi.

Hapa kambini

Waliofika Kakuma hawakukuta amani waliyotarajia. Desemba 2018 baadhi yao walihamishiwa Nairobi kwa sababu ya mashambulizi. Machi 2021 watu wawili walichomwa kwa moto wa petroli hapa kambini, na mmoja alifariki mwezi uliofuata. Vurugu za namna hii mara nyingi huanza kwa maneno kwenye foleni ya maji.

Mhudumu wa afya, ukiambiwa siri, usiandike jina la kijana kwenye daftari lako la matembezi, wala usimpe mkalimani wa ukoo wake. Matokeo ya kipimo cha virusi vya Ukimwi ni siri kwa sheria ya Kenya ya 2006. Kijana wa chini ya miaka 18 aliyekuja bila mzazi apelekwe kwa maofisa wa ulinzi wa watoto, kwa ridhaa yake, nawe ufuatane naye hadi mlangoni.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Binamu aliyesoma daftari naye ni kijana. Mngezungumza naye vipi?

2. Baba amesikia uvumi na anamtafuta mwanawe kwa hasira. Shangazi amwambie nini akifika mlangoni?