Simu Ni Yako, Mbona Programu Nyingine Haziondoki?

Mkaazi hununua simu mpya, akaiwasha na kukuta programu ambazo hakuziomba: michezo, vivinjari viwili, hata duka la programu la mtengenezaji. Akijaribu kuziondoa, simu hukataa. Wengine hukimbilia kwa fundi ili "afungue" simu. Kabla ya kufika huko, ni vyema kuelewa yafuatayo.

Kwa nini haziondoki

Katika simu za Android, sehemu ya mfumo huandikwa kiwandani na kufungwa. Programu zilizowekwa humo hazifutiki kwa njia ya kawaida. Baadhi ni za lazima, kama ile ya kupiga simu. Nyingine zimo kwa sababu kampuni zake zimemlipa mtengenezaji.

Unachoweza kufanya mwenyewe

1. Fungua Mipangilio, kisha Programu. Chagua usiyoihitaji na ubonyeze Ondoa. Ikiwa hakuna Ondoa, bonyeza Zima.
2. Programu iliyozimwa haionekani tena, haifanyi kazi na haili bando. Nakala yake ya kiwandani hubaki, kwa hivyo nafasi utakayopata ni ndogo.
3. Unaweza pia kubadilisha kivinjari, kibodi na mwonekano wa skrini. Chagua kibodi kwa makini, kwani inaweza kusoma unachoandika.

Programu kutoka nje ya duka rasmi

Android huruhusu jambo hili baada ya kukuonya. Tangu toleo la 8 la mwaka wa 2017, ruhusa hutolewa kwa kila chanzo peke yake. iPhone huku kwetu hutegemea duka la Apple pekee. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliilazimu kampuni hiyo kukubali maduka mengine kuanzia Machi 2024.

Uhuru huo una hatari yake. Faili ya programu uliyotumiwa kwa WhatsApp ikiomba kusoma jumbe zako fupi, kataa. Nambari za siri za muda kutoka benki hupitia humo, na atakayezisoma anaweza kufikia akaunti yako.

Gharama ya kufungua mfumo

Katika simu nyingi, hatua ya kwanza ya kufungua mfumo hufuta picha, majina na kila kitu kilichohifadhiwa. Waranti inaweza kukatika, na programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi katika simu ya aina hiyo. Simu ya mkopo ina kifungo kingine, cha mkataba. Kukivunja kabla ya kumaliza malipo ni kuvunja mkataba, na deni halifutiki.

Muulize fundi kwanza

Data yangu itabaki? Programu ya benki itafanya kazi? Simu ikiharibika, nani atagharamia? Asipokujibu waziwazi, usimwachie simu. Zima programu usizozihitaji na uendelee kuitumia.