KOMPYUTA IKIKATAA USB, TUANZIE WAPI?

Ndugu msomaji, haraka haraka haina baraka. Katika chumba chetu cha kompyuta, kipanya kikigoma tu, utasikia mtu akisema, "Hii mashine imekufa, tuhame!" Je, imekufa kweli? Mimi ni mmoja wa watunzaji wa chumba hicho, na ningependa kuwaeleza ninavyotafuta hitilafu kwenye mashine zetu zinazotumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka wa 1991.

Nyuma ya matundu ya USB kuna kidhibiti. Hiki ndicho husimamia mawasiliano ya kipanya, kibodi, flashi na printa. Ni kama utingo wa matatu: abiria mmoja akikosa nauli, hiyo ni shida yake, utingo akigoma, gari zima linakwama. Basi jiulize kwanza: kimegoma chombo kimoja au vyote?

1. Kikiwa kimoja, badilisha tundu na waya, kisha ukijaribu kwenye mashine nyingine. Kikikataa huko pia, usiilaumu kompyuta.

2. Vikiwa vyote, andika lsusb uone vyombo vinavyotambuliwa, halafu lspci uone kama kidhibiti chenyewe kimo. Kibodi nayo ikiwa imezima, ingia kwa ssh kutoka mashine jirani, mradi huduma hiyo iwe imewashwa.

3. Andika sudo dmesg. Hii ni shajara ya mashine. Ukisoma "error -71", mara nyingi shida ni waya au umeme hafifu. "Over-current" ina maana kwamba umeme unavutwa kupita kiasi. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Ukikuta "HC died", basi utingo ndiye aliyegoma.

4. Hapo hifadhi kazi, zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa, ngoja dakika chache, kisha washa. Kuzima bila kuchomoa huenda kusitoshe, kwani ubao mkuu bado hupata umeme kidogo.

Muhula uliopita mashine mbili zilikuwa zimeandikiwa kutupwa, na ndani yake mlikuwa na miradi ya watahiniwa wanne wa KCSE. Shajara ya kwanza ilisema "over-current": tulipochomoa flashi moja iliyopinda, ikapona. Ya pili ilisema "HC died". Ilifufuka siku mbili, ikagoma tena. Tukaiwekea kadi ya USB kwenye nafasi ya PCI Express, na hadi leo inapiga kazi. Miradi yote ilisalimika.

Kwa hivyo wenzangu, kabla ya kumwita fundi, nakilini maneno ya dmesg daftarini, herufi kwa herufi. Mgonjwa anayejieleza hutibiwa upesi.

Kiswahili kitukuzwe!