Kitenzi "Borrow": Maana, Asili na Matumizi

Watahiniwa wengi huandika "Borrow me your pen" wanapotaka kuazimwa kalamu. Sentensi hiyo si sahihi. Chanzo cha kosa ni Kiswahili chetu, kwani kitenzi "azima" hutumika pande zote mbili: "Nimeazima jembe kwa Asha" na "Asha ameniazima jembe". Katika Kiingereza kila upande una kitenzi chake.

Maana
Borrow: kuchukua kitu cha mwingine kwa muda, kwa nia ya kukirudisha. Mtendaji ni anayepokea.
Lend: kumpa mwingine kitu chako kwa muda. Mtendaji ni anayetoa.

Asili
Vitenzi vyote viwili vimetoka katika Kiingereza cha Kale. "Borrow" kilikuwa "borgian", chenye uhusiano na nomino "borg", yaani dhamana. Aliyeazima alikuwa amejifunga kurudisha. "Lend" kilikuwa "lænan". Herufi d iliongezwa baadaye.

Maumbo
borrow – borrowed – borrowed
lend – lent – lent
Usiandike "lended".

Matumizi
1. "Borrow" huenda na "from": I borrowed a hoe from Asha.
2. "Lend" huenda na "to", au hufuatwa na mtu moja kwa moja: Asha lent a hoe to me. Asha lent me a hoe.
3. Unapoomba, tazama mtendaji ni nani: May I borrow your pen? Could you lend me your pen?
4. Kwa kitu kisichoondolewa mahali pake, tumia "use": May I use your toilet?
5. Lugha nazo huazimana maneno: English borrowed the word "safari" from Swahili.

Mbinu ya kukumbuka
Kabla ya kuandika, weka "kopa" au "kopesha" mahali pa "azima". Ikikubali "kopa", andika "borrow". Ikikubali "kopesha", andika "lend". "Niazime kalamu" ni sawa na "nikopeshe kalamu". Kwa hiyo: Lend me a pen.

Zoezi
Jaza nafasi:
1. Can you ____ me your ruler?
2. Juma ____ some money from his uncle yesterday.
Sahihisha:
3. She borrowed me her book.
Andika upya ukianza na "I borrowed":
4. Neema lent me a dictionary.

Majibu
1. lend
2. borrowed
3. She lent me her book.
4. I borrowed a dictionary from Neema.

Zingatia: Katika swali la 4 mtendaji amebadilika, hivyo kitenzi na kihusishi navyo hubadilika. Ukisahau "from", sentensi yako haijakamilika, nawe utapoteza alama uliyokuwa umekwisha kuipata.